Isotoniki: sawa na nini, na nini kimeachwa huru?

Mfamasia, mtaalamu wa misuli na mwanamuziki wote wanalo neno isotoniki, na ukiyaweka matumizi yao pamoja yanaonekana kupingana. Seli iliyo ndani ya myeyusho wa isotoniki haibadiliki ukubwa. Ndiyo maana myeyusho ukaitwa hivyo. Msuli unaokaza kwa isotoniki lazima ubadilike urefu; usipobadilika, umeingia kundi jingine kabisa. Skeli ya isotoniki nayo ina hatua zilizo sawa, lakini ukitoa mitetemo ya noti moja kwenye ile inayoifuata, kila hatua inakupa jibu lake.

Asili ni ya Kigiriki: isos ni sawa, tonos ni mkazo wa kamba iliyovutwa, na pia sauti itokayo kwenye kamba hiyo. Lakini asili ya neno haimfikishi mtu mbali. Kinachosaidia ni kuuliza maswali matatu kila unapolikuta: ni kitu gani kilicho sawa, ni sawa baina ya nini na nini, na ni kitu gani kimeachwa huru kisogee. Makosa mengi niyajuayo kwenye mada hii, ya hospitalini, ya maabara ya shule na hata ya mafundi wa gitaa, yanatokana na kuruka moja ya maswali hayo.

Maji, chumvi na utando

Tuanze na kemia. Weka utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi, upande mmoja maji matupu, upande wa pili maji ya chumvi. Maji yatahamia upande wa chumvi. Shinikizo unalopaswa kuliweka juu ya upande wa chumvi ili kuuzuia mwendo huo ndilo shinikizo la osmosisi. Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alilipima mwaka 1877 kwa vyungu vya udongo ambavyo ndani ya kuta zake alitengeneza utando wa ferosayanaidi ya shaba. Miaka kumi baadaye Jacobus van 't Hoff, aliyepata habari za vipimo hivyo kwa Hugo de Vries mwenzake wa Amsterdam, alionyesha kwamba shinikizo hilo katika myeyusho mwepesi linafuata sheria ileile ya gesi: idadi ya chembe katika lita, mara kigezo cha gesi, mara jotoridi. Chembe za aina gani, haijalishi. Mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia.

Huyo de Vries ndiye aliyelipa neno letu kazi katika sayansi, miaka ya 1880. Alichukua ngozi nyembamba ya jani, akaiweka kwenye myeyusho mbalimbali chini ya hadubini, akatafuta mkolezo ambao unaanza tu kuufanya utando wa seli ujitenge na ukuta wake. Miyeyusho miwili iliyofikia hatua hiyo kwa seli zilezile aliihesabu kuwa ya isotoniki, yaani yenye mvuto sawa wa maji. Akagundua jambo lililosumbua watu: molekyuli za shura, yaani naitreti ya potasiamu, zilivuta maji kwa zaidi ya mara moja na nusu ya idadi ileile ya molekyuli za sukari. Svante Arrhenius alitoa jibu mwaka 1887: chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, kwa hiyo molekyuli moja inahesabika kama chembe mbili.

Hapo hesabu ya dripu ya chumvi inaeleweka. Ina gramu 9 za kloraidi ya sodiamu katika lita. Gawanya kwa 58.44, unapata milimoli 154. Kila moja inatoa sodiamu na kloraidi, kwa hiyo miliosmoli 308, yaani hesabu ya chembe zote zilizoyeyuka, kwa hesabu ya karatasini. Ioni zenye chaji zinavutana na hazifanyi kazi kama chembe huru kabisa. Zidisha kwa 0.93 na unafika 286, katikati ya kiwango cha kawaida cha plazima ya mtu mzima, 275 hadi 295. Mholanzi mwingine, Hartog Jakob Hamburger, ndiye aliyeifikia asilimia hiyo 0.9 kwa njia ya chembe nyekundu za damu, akitazama ni mkolezo gani wa chumvi unaozifanya ziachie rangi yake.

Tusilidharau shinikizo lenyewe. Miliosmoli 290 katika nyuzi 37 za Selsiasi ni takriban kilopaskali 750, zaidi ya mara saba ya shinikizo la hewa, sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 76. Seli ya mwanadamu, tofauti na ya jani, haina ukuta wa kuhimili hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Inasalimika kwa sababu moja tu, kwamba nguvu ileile iko upande wa pili. Ndiyo maana maji safi yaliyotakaswa, ambayo mtu angedhani hayana madhara, hayaingizwi moja kwa moja mshipani.

Chembe nyekundu yenye ujazo wa femtolita 90 hivi ina umbo la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, kwa hiyo ina ngozi ya ziada. Ukiiweka kwenye chumvi hafifu inafura kwanza hadi iwe mpira, na mpaka hapo haijapata shida. Ikishakuwa mpira, utando wake hautanuki zaidi ya asilimia chache kabla haujapasuka. Kwa damu ya kawaida kupasuka kunaanza karibu na asilimia 0.45 hadi 0.50 ya chumvi, na kunakamilika karibu na 0.30. Kipimo cha maabara cha udhaifu wa chembe nyekundu kimejengwa juu ya ngazi hiyohiyo: msururu wa mirija yenye chumvi inayopungua, tone la damu katika kila mmoja, kisha unasoma wekundu uliomwagika. Mtu ambaye chembe zake zimezaliwa na umbo la mpira hazina ngozi ya akiba, kwa hiyo zinapasuka mapema, kwenye chumvi ambayo chembe za wengine zinaihimili.

Sasa swali la pili, sawa baina ya nini na nini. Tengeneza myeyusho wa urea wenye gramu 18 katika lita. Ni milimoli 300. Ukiupima kwa kifaa kinachosoma kushuka kwa kiwango cha kuganda, utaambiwa uko sawa na damu. Tia chembe nyekundu humo: zinapasuka zote kwa muda mfupi, kama vile umezitia kwenye maji matupu. Urea inapita kwenye utando wa chembe hizo, inaingia kusawazisha mkolezo wake ndani na nje, na maji yanaifuata. Myeyusho huo ni isosmotiki, maana idadi ya chembe iko sawa. Lakini si isotoniki, kwa sababu chembe hizo za urea haziwezi kuyashikilia maji upande wa nje. Isosmotiki ni sifa ya myeyusho peke yake. Isotoniki ni sifa ya myeyusho pamoja na utando fulani. Usipoutaja utando, hujasema kitu.

Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ni mfano wenye uzito zaidi, kwa sababu inatumika kila siku. Ndani ya mfuko ina takriban miliosmoli 252 hadi 278, kutegemea kama umeihesabu glukosi ikiwa na maji yake ya fuwele au bila, na inaingia mshipani bila kupasua chembe. Lakini seli zinaila glukosi. Baada ya muda, kilichobaki mwilini ni maji. Kwa tendo lake ni dripu ya maji iliyopitishwa mlangoni kwa kibali cha sukari, na akipewa kwa wingi mgonjwa ambaye mwili wake unazuia maji, sodiamu ya damu inashuka na ubongo unaweza kufura. Kurekebisha nako kuna hatari yake: sodiamu iliyokuwa chini kwa siku kadhaa haipandishwi haraka, na madaktari wengi wanajiwekea mpaka wa milimoli 8 hadi 10 kwa lita katika saa 24, kwa kuwa ubongo umeshajizoesha na ukinyweshwa chumvi ghafla neva zake zinaweza kupoteza ala yake, yaani ganda linalozifunika.

Na si kila mara usawa na damu ndio unaotafutwa. Mchanganyiko wa ORS, yaani chumvi na sukari za kunywa kwa mwenye kuhara, ulioafikiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002 una miliosmoli 245 kwa lita, chini ya damu kwa makusudi. Ule wa zamani ulikuwa na 311. Ndani ya lita moja mna gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloraidi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Sodiamu na glukosi ni milimoli 75 kila moja, kwa sababu mlango wa utumbo unaozipitisha unazichukua pamoja, na maji yanafuata. Mkolezo uliopunguzwa ulionekana kupunguza kuhara na kutapika kuliko ule wa zamani. Kosa baya hapa ni pakiti ya lita kutiwa kwenye nusu lita kwa nia njema ya kuongeza nguvu: unapata 490, na utumbo unaanza kutoa maji badala ya kuyapokea.

Mfamasia anayetengeneza dawa ya macho anafanya hesabu hiyo kwa njia fupi ambayo naipenda kwa usafi wake. Kila dawa ina namba inayosema gramu moja yake ni sawa na gramu ngapi za chumvi ya kawaida. Chukua mililita 30 za pilokapini naitreti ya asilimia 1, ambayo namba yake ni 0.23. Dawa ni gramu 0.3, mara 0.23 inakuwa 0.069. Mililita 30 za chumvi ya asilimia 0.9 zingehitaji gramu 0.27. Toa, unabaki na gramu 0.201 za chumvi za kuongeza. Ikiwa dawa peke yake imeshapita 0.27, huongezi chumvi, na huwezi kuupunguza mkolezo bila kubadili kipimo cha dawa yenyewe. Njia ya pili ya kuhakiki ni kugandisha: damu, machozi na chumvi ya 0.9 vyote vinaanza kuganda karibu na nyuzi 0.52 chini ya sifuri.

Kiazi ndani ya sukari

Jaribio la shule la kutafuta mkolezo wa isotoniki wa kiazi linaonekana rahisi, na linaharibika kwa urahisi uleule. Unahitaji sukari ya miwa kwa mikolezo ya 0, 0.1, 0.2 hadi 0.6 ya moli kwa lita. Myeyusho mama wa moli 1 una gramu 342.3, na hapa ndipo wengi wanaanza kupotea: wanapima lita moja ya maji, kisha wanaimwagia sukari. Sukari hiyo inachukua nafasi ya zaidi ya mililita 200, na mkolezo halisi unakuwa karibu 0.83. Yeyusha sukari kwenye maji kidogo kwanza, ndipo ujazie hadi alama ya lita. Kwa chumvi ya gramu 9 kosa hilo halionekani. Kwa sukari linaua jaribio zima.

Kata vipande vya mche duara vyote kutoka kwenye kiazi kimoja, vya urefu mmoja, visiwe na ganda hata kidogo. Vipanguse kwa karatasi ya kunyonya bila kuvikamua, pima uzito, vitie, funika vyombo ili maji yasifuke, subiri angalau saa moja, vipanguse kwa namna ileile na upime tena. Hesabu badiliko kwa asilimia ya uzito wa mwanzo, maana vipande havilingani kamwe. Chora mstari; unapokata sifuri, mara nyingi karibu na 0.3, ndipo penye usawa. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kinatoa jibu la juu zaidi, kwa kuwa sehemu ya wanga wake imegeuka sukari.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi. Kwenye sifuri ya uzito kiazi hakipotezi wala hakipokei maji, lakini seli zake bado zimejaa na zinasukuma kuta zake. Umepima mvuto wa maji wa kiazi kizima, yaani mvuto wa vilivyoyeyuka ndani ukiondoa msukumo wa ukuta. Hicho si kitu alichokipima de Vries. Yeye alikwenda mpaka msukumo wa ukuta ukafika sifuri, na njia yake bado inatumika: hesabu seli chini ya hadubini na utafute mkolezo ambapo nusu yake zimejitenga na ukuta. Jibu la njia hiyo liko juu ya lile la uzito. Wanafunzi wawili wanaopata majibu tofauti kwa kiazi kimoja wanaweza wote kuwa sahihi.

Msuli na mzigo

Kwenye fiziolojia ya misuli neno linageuka. Kilicho sawa sasa ni nguvu ya msuli, tangu mwanzo wa kufupika hadi mwisho. Kilichoachwa huru ni urefu. Kinyume chake ni isometriki: urefu umefungwa, nguvu ndiyo inapanda. Aliyeleta utengano huo ni Adolf Fick, Mjerumani yuleyule aliyeandika mwaka 1855 sheria ya jinsi chembe zinavyosambaa kwenye kimiminika. Kwa hiyo jina lake linakutana na isotoniki ya aina zote mbili, jambo ambalo naona lingestahili kusemwa darasani kuliko linavyosemwa.

Aina hizo mbili zinakutana pia kwenye sahani moja ya maabara. Msuli wa shavu la mguu wa chura unaotumika kwa majaribio haya unaogeshwa kwenye myeyusho wa isotoniki kwa chura, na huo ni chumvi ya takriban asilimia 0.65, si 0.9. Ukitumia ile ya binadamu msuli unapoteza maji na nguvu yake inashuka, na utadhani umeuchosha. Chumvi peke yake nayo haitoshi: Sydney Ringer, daktari wa Uingereza, alionyesha miaka ya 1880 kwamba moyo wa chura unahitaji kalisi pia ili uendelee kupiga. Usawa wa maji unaihifadhi seli. Haumaanishi kwamba seli imepata kila inachohitaji.

Kupata nguvu iliyo sawa kweli ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ukining'iniza mzigo wa gramu 5 moja kwa moja kwenye msuli, msuli unaubeba uzito wake na pia unapambana na ukaidi wake wa kuanza na kuacha mwendo. Mzigo unarushwa juu, uzi unalegea, na nguvu uliyoiita sawa inapanda na kushuka. Dawa yake ni wenzo mwepesi: msuli ufungwe milimita 40 kutoka kwenye ekseli, mzigo uwe milimita 2 tu. Gramu 100 hapo zinauvuta msuli kwa uzito wa gramu 5 tu, maana 2 kwa 40 ni moja ya ishirini; lakini ukaidi wa mwendo unapungua kwa mraba wa uwiano huo, moja ya mia nne, kwa hiyo msuli unahisi tungamo la robo gramu badala ya gramu 5. Chini ya wenzo iwekwe skrubu inayouzuia mzigo usiuvute msuli kabla haujaanza kukaza. Bila skrubu hiyo, kila mzigo unaanza na msuli wa urefu tofauti, na huwezi kulinganisha.

Hata kwa mpangilio huo mwanzo wa kila kukaza ni isometriki: nguvu inapanda bila mwendo mpaka ifikie mzigo, ndipo msuli unafupika. Mzigo ukiongezwa, muda huo wa kimya unarefuka na kasi ya kufupika inapungua, kwa mkunjo ambao Archibald Hill aliuandika kwa hesabu mwaka 1938. Nguvu mara kasi ndiyo kazi kwa sekunde, na kilele chake kinakuwa karibu na theluthi moja ya mzigo mkubwa kabisa ambao msuli unaweza kuushikilia. Mwendesha baiskeli anayebadili gia anatafuta kilele hicho bila kujua jina lake.

Kwenye chumba cha mazoezi neno linatumika kwa ulegevu mkubwa. Inua kilo 10 kwa mkono, mzigo ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye kiwiko. Mkono wa mbele ukiwa umelala sawasawa, kiwiko kinabeba nyutonimita 29 hivi. Ukiwa kwenye pembe ya digrii 45, ni 21. Ukisimama wima, karibu hakuna kitu. Uzito wa chuma haubadiliki, lakini nguvu ya msuli inabadilika kila sekunde. Napendelea kusema zoezi la mwendo, kisha kutaja kama msuli unafupika au unarefuka chini ya mzigo, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo yenye matokeo: msuli unaorefuka huku umekaza unahimili nguvu kubwa zaidi, na ndio unaoacha maumivu yanayofika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Utengano wa isotoniki na isometriki una maana kwa mwenye shinikizo la damu. Zoezi la mwendo linafungua mishipa ya misuli inayofanya kazi, namba ya juu inapanda na ya chini haibadiliki sana. Kukaza bila mwendo kunabana mishipa, namba zote mbili zinapanda pamoja, na kuzuia pumzi kunaongeza zaidi.

Uzi, freti na hatua kumi na mbili

Katika muziki, isotoniki ni mpangilio wenye toni sawa: oktavo, yaani umbali hadi noti yenye mitetemo maradufu, imegawanywa hatua kumi na mbili zinazolingana, kila moja nusutoni. Kinacholingana ni uwiano. Kila noti ina mitetemo mara 1.059463 ya ile iliyo chini yake, namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara kumi na mbili inakupa 2. Kutoka La ya 220 kwenda nusutoni inayofuata ni nyongeza ya mitetemo 13.08 kwa sekunde; kutoka La ya 440, ni 26.16. Sikio linasikia hatua zilezile. Mwanamfalme Zhu Zaiyu wa China aliikokotoa namba hiyo mwaka 1584, na Simon Stevin wa nchi za chini za Ulaya akaifikia kivyake karibu wakati huohuo.

Usawa huo una gharama. Do hadi Sol safi ni uwiano wa 3 kwa 2; panda hatua hiyo mara kumi na mbili, unapata 129.75 badala ya 128 ya oktavo saba. Ziada hiyo, senti 23.46 ambapo nusutoni ni senti 100, inagawanywa kwa wote: kila Do hadi Sol inapunguzwa senti 2. Do hadi Mi inaumia zaidi, inakuwa pana kwa senti 14 kuliko ile safi. Mpiga piano anaizoea. Kwaya isiyo na ala mara nyingi inateleza kuelekea ile safi yenyewe.

Fundi wa kupima piano anautumia upungufu huo kama rula. La ya 220 na Mi iliyo juu yake, 329.63, zikipigwa pamoja zinatoa wimbi la sauti linalovimba na kupungua karibu mara tatu katika sekunde nne: 660 kutoa 659.26. Akisikia kimya kabisa, ameipima safi mno na kosa litamkuta mwisho wa mzunguko.

Gitaa ndilo linalonivutia zaidi hapa, kwa sababu maana za fiziolojia na za muziki zinagusana juu ya uzi mmoja. Mitetemo ya uzi inategemea urefu, uzito wake kwa kila mita, na kipeuo cha pili cha mkazo. Kuzungusha ufunguo wa kukazia ni isometriki: urefu umefungwa, mkazo unapanda, na kupanda nusutoni moja kunahitaji nyongeza ya asilimia 12.2 ya mkazo. Oktavo nzima ingehitaji mara nne, ndiyo maana uzi unakatika kabla haujafika. Kubonyeza uzi kwenye freti, yaani kimojawapo cha vipande vya chuma vilivyopandwa kwenye shingo ya gitaa, kwa nadharia ni isotoniki: mkazo uleule, urefu unafupika.

Fundi anaweka freti kwa dhana hiyo. Kwa uzi wa milimita 650, gawanya kwa 17.817 na freti ya kwanza inakaa milimita 36.48 kutoka juu; ya tano 163.05, ya saba 216.18, ya kumi na mbili 325 kamili. Zote zipimwe kutoka mwanzo wa uzi. Ukipima kila moja kutoka kwa iliyotangulia, makosa madogo ya kalamu yanarundikana. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipendekeza mwaka 1581 kugawanya kwa 18 kila mara. Kwa hatua moja kosa ni senti moja tu. Kufika ya kumi na mbili freti imebaki nyuma kwa zaidi ya milimita 2 na oktavo imepungua senti 12 hivi.

Lakini dhana yenyewe si kweli kabisa. Kidole kinapousukuma uzi hadi kwenye freti kinaunyoosha, mkazo unapanda, na noti inatoka juu kuliko hesabu. Uzi ukiwa mbali na ubao, tatizo linakua. Chuma, ambacho ni kigumu kunyooka, kinaadhibu zaidi kuliko nailoni. Kwa hiyo daraja la chini linarudishwa nyuma milimita chache, zaidi kwa nyuzi nene. Jaribu hivi: gusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, usikie kengele yake, kisha ubonyeze pale pale. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha daraja nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya tu. Uzi uliochakaa una uchafu na mikwaruzo, uzito wake haulingani tena kote, na utarekebisha daraja kwa ajili ya kosa ambalo si la daraja.

Piano haina kidole kinachonyoosha, lakini nyuzi zake za chuma nene zina ugumu wake, na ugumu huo unazifanya sauti za juu zilizomo ndani ya kila noti ziwe juu kidogo ya mara mbili, mara tatu, mara nne ya msingi. Fundi akipima oktavo kwa uwiano wa 2 kamili, noti hizo zinagombana. Anaipanua kidogo, akisikiliza sauti ya juu ya noti ya chini ikitulia juu ya noti ya juu, na upanuzi huo ukijumlishwa unaiacha noti ya mwisho kulia senti kadhaa juu ya hesabu na ile ya mwisho kushoto chini yake. O. L. Railsback aliuchora mkunjo huo mwaka 1938. Piano ndogo, yenye nyuzi fupi na nene za besi, inahitaji kupanuliwa zaidi kuliko ile ndefu ya jukwaani, na ndiyo sababu hakuna jedwali moja la mitetemo linalozifaa zote mbili.